Nani Alichora Mtaa?

Ukitaja mtaa maskini, jibu huwa tayari mdomoni: hao watu hawajitumi. Tunajifanya tunaeleza chanzo cha umaskini, kumbe tushaamua nani anadaiwa na nani hadaiwi.

Chukua North Lawndale, mtaa wa watu weusi magharibi mwa Chicago. Mji huo umechunguzwa na wanasosholojia kwa miaka mingi, na bado hawapatani. Kuna wanaoanzia kwa tabia. Oscar Lewis aliuita utamaduni wa umaskini: watu wanazoea kuishi bila tumaini, watoto wanarithi mazoea hayo. Mwaka 1965 ripoti ya Daniel Patrick Moynihan iliangazia familia ya mtu mweusi. Yeye alitaja utumwa na ukosefu wa kazi pia, lakini wengi walibeba ile sehemu ya familia tu.

Mwaka 1987, William Julius Wilson akauliza: viwanda vilienda wapi? Kazi zilipohama, na weusi wenye kipato nao wakahama, waliobaki walikosa ajira, wakakosa hata jirani wa kuwaambia kazi iko wapi. Mwaka 1993, Douglas Massey na Nancy Denton wakaongeza kwamba umaskini haungerundikana hivyo kama watu hawangekuwa wamefungiwa mahali pamoja kwa rangi yao.

Na aliyefunga anajulikana. Miaka ya 1930, ramani za serikali ya Marekani zilipaka mitaa ya weusi rangi nyekundu, yaani hatari kwa mkopo. Mtu mweusi akikosa mkopo wa benki, alinunua nyumba kwa mkataba kutoka kwa dalali aliyeipata kwa bei ya chini na kumuuzia kwa bei ya kuruka. Hati hupati mpaka umalize kulipa. Ukikosa mwezi mmoja tu, unaweza kupoteza nyumba na kila senti uliyotoa. Kwa hivyo watu walifanya kazi mbili, wakapangisha vyumba, na ukarabati ukangoja. Mpita njia akaona nyumba chakavu, akasema: si unaona? Hawajali.

Kuna pingamizi la haki hapa. Tukilaumu mfumo kwa kila kitu, si tunamfanya maskini kuwa jani linalobebwa na mto? Lakini mwaka 1968 wakazi wa Lawndale walianzisha Contract Buyers League, wakagoma kulipa. Wengine walifurushwa na vyombo vyao vikatupwa nje. Mamia walifanikiwa kubadilishiwa masharti. Kesi zao kubwa mahakamani walishindwa. Bidii ilikuwepo siku zote, na dalali alitajirika kutokana na hiyo hiyo bidii. Mtu asiyejituma angemlipa na nini?

Kwa hivyo mimi sioni ubaya wa kuongea kuhusu tabia. Mtu anawajibika kwa anachofanya. Ubaya ni kuanzia hapo na kuishia hapo, kwa sababu aliyechora ramani naye alikuwa na tabia, na hakuna anayeandika ripoti kuhusu familia yake.

Nairobi pia iligawanywa kwa rangi na mkoloni, Waafrika wakapangiwa Eastlands. Mkoloni alienda, mipaka mingi ikabaki. Wewe ukipita Mathare na ukasikia "hawajitumi" ikikujia, uliza kwanza hao watu wanalipa kodi ya nyumba kwa nani.