Saa Thelathini za Wazee

Ndugu zangu Waislamu,

Katika mji wa Deventer, nchi ya Uholanzi, iko nyumba ya kutunzia wazee iitwayo Humanitas. Mwaka 2012 ilianza kuwapa wanafunzi vyumba bila ya kodi, kwa sharti kila mmoja awe jirani mwema wa wazee saa 30 kwa mwezi: ale nao, azungumze nao.

Sisi twajifakhiri kwamba wazee wetu hatuwapeleki katika nyumba kama hizo. Ni kweli, na katika Suratul Israa Mwenyezi Mungu ametaja uzee unaowafikia wazazi wakiwa kwetu, akatukataza hata kuwagunia. Lakini kuwa kwetu si kuwekwa chumba cha ndani, sahani ikaletwa na mtumishi, na mjukuu akapita asitoe hata salamu. Mzee huyo (wala nyumba yangu siitoi) ni mpweke kuliko yule wa Deventer.

Basi nakuulizeni: mwezi uliopita vijana wenu walikaa na bibi zao saa ngapi? Nanyi walimu wa vyuo, wako wazee waliohifadhi Qur'ani, macho yamepofuka, msikitini hawafiki tena. Wapelekeeni wanafunzi baada ya alasiri, wasome mbele yao, wasahihishwe. Wangu wataanza Alkhamisi hii, inshaallah.