JE, ASIYETOKA DAMU SI MAJERUHI?



Dola ikimpeleka kijana vitani, naye akarudi ana mikono na miguu yote lakini akili yake si ile aliyoondoka nayo, je, yaweza kumwambia, "Ngoja kwanza tuchunguze"? Sisi twaona kuchunguza ni wajibu wa dola, lakini uchunguzi usifanywe sababu ya kumcheleweshea mtu haki yake.

Na tutazame yaliyotokea. Tarehe 8 Januari, 2020, makombora ya Iran yaliipiga kambi ya Al Asad nchini Iraki, walimokuwa askari wa Marekani. Siku ile ile Rais wao, Donald Trump, alitangaza kwamba hapana Mmarekani aliyedhurika. Baada ya siku chache wakaanza kutokea wenye kuumwa na vichwa, wenye kizunguzungu, na wasioweza kustahimili mwangaza. Rais alipoulizwa akasema amesikia kuwa ni maumivu ya kichwa, wala si jambo kubwa. Mwisho wake madaktari walithibitisha kwamba watu 110 walikuwa wamejeruhiwa ubongo. Nishani wapewayo majeruhi walitunukiwa kwanza 29 tu. Wengine 39 hawakukubaliwa ila Desemba 2021.

Sababu ya kuchelewa huku ni nini? Ni kuwa jeraha hili halionekani. Mshindo wa bomu si sauti peke yake, bali ni pigo la hewa lipitalo katika fuvu na kuutikisa ubongo ndani yake. Mwaka 2016 madaktari wa jeshi la Marekani walieleza makovu ya namna ya peke yake waliyoyaona katika bongo za askari waliopatwa na mishindo hiyo. Lakini makovu hayo waliyaona kwa darubini, baada ya wenyewe kufa. Picha za kawaida za hospitali hazikuweza kuyaonyesha.

Hapa ndipo penye mtihani. Anayemwambia askari alete ushahidi kamili kabla hajasaidiwa, kwa hakika amwambia afe kwanza.

Uingereza ilikwisha kupita njia hii. Katika vita vya 1914 hadi 1918, askari wake wengi walitetemeka na kupotewa na kauli bila ya kuwa na kidonda. Baadhi yao walihesabiwa kuwa waoga. Katika vita hivyo, askari 306 walipigwa risasi kwa makosa kama kutoroka na woga. Nao hawakusamehewa ila mwaka 2006. Msamaha ulifika, lakini wa kuupokea hakuwako.

Huenda mtu akasema: "Mkiamini kila anayelalamika, waongo watajaa." Twamjibu: waongo wako, na daktari aulize, apime, awasikilize mke na jamaa wa mgonjwa. Lakini mwongo akipewa asichostahili, iliyopotea ni mali. Na mkweli akinyimwa, aliyepotea ni mtu. Hasara mbili hizi hazilingani. Basi na atibiwe na kutunzwa huku uchunguzi ukiendelea.

Wala tusidhani kwamba haya ni ya Marekani na Uingereza tu. Hapa kwetu mkwezi huanguka mnazini. Mguu ukaungwa ukapona, nasi tukamshukuru Mungu. Baada ya miezi akawa mkali kwa wanawe, asahau ahadi, akimbie kelele za harusi. Tukasema amekuwa mkorofi, au amepagawa, na wala hapana aliyekumbuka kuuliza kama kichwa nacho kiliumia. Na sisi twajua kwamba sheria yetu humwondolea dhima aliyepotewa na akili. Vipi basi tuharakishe kumlaumu aliyepungukiwa nayo kwa pigo?

Kabla hatujamhukumu mtu kwa tabia iliyogeuka, na tuulize kwanza ni kitu gani kilichompiga.