Herufi za Mviringo na Hadhi ya Neno
Katika Bungulu, mjini Beni, Kivu ya Kaskazini nchini Kongo, kama ilivyo katika miji yetu mingi ambako mafundi huchora kwa brashi herufi nene za mviringo, zenye uchangamfu, juu ya kuta za saluni na maduka, hunijia suala hili: je, yajuzu neno la Mwenyezi Mungu, au habari ya mauti, kuvikwa umbo la mchezo? Ibn Muqla, bingwa wa hati wa Baghdad, aliyefariki mwaka 940, alizipima herufi kwa nukta, akaupa uzuri mizani. Naustahi sana uadilifu huo. Lakini heshima, kwa rai yangu, imo katika rehema ya mwandishi kwa msomaji, wala si katika ukali wa pembe. Na ugonjwa wa Ebola ulipotangazwa katika jimbo hilo la Kivu ya Kaskazini, tarehe 1 Agosti 2018, mwenye hofu alihitaji kwanza maandishi yasiyomtisha, ndipo asogee, asome, asadiki.