Nani Atamvua Kipete?

Mhusika wa mdogo wangu alikufa kwa sababu ya kipete cha plastiki. Najua hilo linasikika kama utani, na usiku ule wenyewe tulicheka sana. Lakini kuna jambo limegoma kunitoka kichwani tangu siku hiyo, na sidhani kama linahusu mchezo peke yake.

Nieleze kwanza kwa ambao hawajawahi kucheza. Dungeons & Dragons ilitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, na ilizaliwa kutokana na michezo ya vita iliyochezwa kwa visanamu vya askari. Kila mchezaji ana mhusika wake, msimamizi anasimulia dunia na kuwaendesha maadui, na dadu la pande 20 linaamua mengi yaliyobaki. Wengi hucheza bila visanamu kabisa. Sisi tunavitumia, na hapo ndipo shida inapoanza, maana kisanamu hakibadiliki sura. Shujaa wako amepofushwa, amepewa sumu, amepooza, lakini chenyewe kimesimama palepale kimeinua upanga. Kitabu cha wachezaji cha mwaka 2014 kinaorodhesha hali 15 za namna hii. Nani atazikumbuka zote, za watu watano na maadui wao?

Basi watu wakabuni njia. Ukifungua chupa ya soda, kuna kipete kinachobaki shingoni. Unakikata, unamvisha kisanamu. Mezani kwetu chekundu ni sumu, cha bluu ni hofu. Aliyezirai tunamlaza ubavu.

Usiku ule joka lilitutisha. Kanuni inasema aliyeingiwa na hofu hawezi kulisogelea kwa hiari yake lile linalomtisha. Mwisho wa kila zamu yake anarusha dadu, na akifaulu, hofu imekwisha. Joka hilohilo haliwezi kumtisha tena kwa saa 24. Rafiki yetu anayecheza askari alirusha, akafaulu. Wakati huohuo chai ikaletwa, kila mtu akageuka. Kipete cha bluu kikabaki.

Zamu tatu zilizofuata askari alisimama mbali akipiga mishale, huku mganga wa mdogo wangu amelala miguuni mwa joka akirusha dadu za kufa na kupona. Ukipata 10 au zaidi, umefaulu mara moja. Chini ya hapo, umefeli. Ukifeli mara tatu, ndiyo kwaheri. "Ningekuja kukuokoa," askari alisema, "ila naogopa." Na akaendelea kurusha dadu dhidi ya hofu ambayo haikuwepo, na akafeli! Kipete tulikigundua wakati wa kurudisha vitu kwenye boksi. Msimamizi hakukumbuka, mwenye askari hakukumbuka, mimi niliyekaa pembeni yake sikukumbuka. Wote tuliiamini plastiki.

Hapo ndipo nikaanza kuuona uzuri wa kanuni zile. Hali nyingi zinakuja na mlango wa kutokea: dakika moja, mwisho wa zamu yako, ukifaulu dadu. Hata uchovu, wenye ngazi sita na ya sita ni kifo, hushuka ngazi moja ukipumzika vizuri na kula. Anayekuvisha kipete anatakiwa ajue kitatoka lini.

Kiswahili nacho kinaijua tofauti hii. Tunasema amelewa, amechoka, ameiba, amefungwa. Hizo ni hali. Kesho anaweza kuwa vingine. Halafu tuna maneno mengine: mlevi, mvivu, mwizi, mfungwa. Herufi moja mbele, na kitendo cha jana kimekuwa mtu mzima. Aliyetoka jela miaka kumi iliyopita mtaani bado ni "yule mfungwa". Hakuna aliyemwekea zamu ya kurusha dadu.

Mimi ni mwandishi wa habari, na haya siyasemi nikiwa nje ya chumba. Miaka kadhaa nyuma niliandika stori ya watu walioshtakiwa kwa wizi kazini kwao. Nilifuata taratibu zote: niliandika "mtuhumiwa", si "mwizi". Mmoja wao alinipigia baadaye sana. Kesi ilikuwa imeshakwisha, ameachiwa huru. Akauliza kwa upole, "Ndugu mwandishi, mbona kwenu bado mimi ni mtuhumiwa?" Alikuwa anaomba kazi, na kila anayelitafuta jina lake anakutana na stori yangu. Niliyoyaandika yalikuwa kweli siku ile. Hicho ndicho kinachonisumbua, kwamba sikudanganya. Nilimvisha kipete halali, kisha nikageukia chai.

Kuna watakaosema: basi tuache kuwavisha watu alama. Sikubaliani. Kipete cha sumu ndicho kinachomwambia mwenzako akuletee dawa. Aliyeumizwa na kuambiwa "mbona uko sawa tu" ananyimwa msaada, na jamii inayofuta majina upesi mara nyingi inawafutia wenye nguvu. Tena kuna asiyetaka kuvuliwa. Katika mchezo uziwi ni hali ya kuondolewa. Mwambie hivyo kiziwi mwenye lugha yake ya alama na watu wake, uone atakavyokujibu. Hujafa hujaumbika, walisema wahenga, na kuumbika huko si kuharibika.

Kwa hiyo ninachodai ni kidogo: anayeweka alama abaki na deni. Asiseme "niliandika kweli" akaondoka. Arudi kuuliza, na amuulize kwanza aliyeivaa.

Yule bwana nilimtafutia haki yake kwa kiasi nilichoweza. Chini ya stori sasa kuna sentensi moja inayosema aliachiwa. Kichwa cha habari kiko vilevile.

Mezani tumebadilisha utaratibu. Kila raundi inapoanza, mmoja wetu anakigusa kila kipete na kuuliza, "Bado?" Inachukua sekunde chache. Mdogo wangu ndiye aliyeomba kazi hiyo.