Tufumue Kwanza



Nikiwa kwenye mwaka wa kichungaji huku Kapalamsenga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, nilimsaidia mzee mmoja kutengeneza boksi la barafu lililojengewa ndani ya boti yake. Barafu ilikuwa inaisha kabla migebuka haijafika sokoni. Kwa nje boksi lilionekana zima. Nikamwambia, "Mzee, si tuzibe nyufa, tupake rangi?" Akacheka. "Frateri, tufumue kwanza."

Tukabandua mbao. Lile povu gumu jeupe la katikati lilikuwa limelowa chapachapa. Kumbe kinachozuia joto ni hewa iliyonaswa ndani ya povu. Maji yakishika nafasi yake, joto linapita kirahisi. Falsafa yangu yote haikunifundisha hilo! Tukatoa povu lote, tukakausha, tukaweka jipya, tukaziba kila kiungo.

Usiku sikulala. Nilikuwa na kinyongo cha miezi minne na frateri mwenzangu, nimekipaka rangi ya sala na tabasamu. Nilikuwa nakomunika kila siku, lakini kufika mchana moyo umeshachacha. Jumamosi nikaenda kuungama, kisha nikampigia simu. Hakupokea. Nikapiga tena.

Rafiki, kila Dominika unapokea neema. Mbona Jumanne huioni? Mungu hakukupunja. Angalia ukutani kuna nini. Usiongeze rangi, nenda kwenye kitubio, ufumue kwanza.