Wajibu wa Aliyetangulia Mjini

Behewa la daraja la tatu litokalo Kigoma au Mwanza kwenda Dar es Salaam halikosi mwalimu. Huyo ni mtu aliyekwisha kufika mjini, mara moja au mara kumi, na kabla garimoshi halijafika Tabora amekwisha kuzungukwa na wale ambao hawajafika. Wao huuliza, naye hujibu. Fedha usiziweke mfuko mmoja. Nyingine zishonee kwenye pindo. Mzigo wako usimkabidhi mtu anayejifanya mwenyeji wako. Usisimame njiani kuyatazama maghorofa, maana watakutambua kuwa u mgeni. Kariakoo bei ya kwanza si bei. Na juu ya yote hukariri fundisho moja ambalo limekuwa kama kanuni ya imani: mjini usimwamini mtu.

Reli hiyo ilifika Kigoma mwaka 1914, na hapana shaka mafunzo ya namna hii yamesafiri juu yake kwa muda mrefu. Siku hizi husemwa pia katika mabasi ya mikoani na hata kwa simu, kabla msafiri hajafunga mzigo. Hatuna nia ya kuyadharau. Twataka kuuliza jambo moja tu: aliyetangulia mjini anawiwa nini na yule anayemfuata? Je, akimkinga asiibiwe, deni lake limekwisha?

Tuanze na hilo la kutomwamini mtu. Mji wa Dar es Salaam, ambao Sultani Majid bin Said wa Unguja alianza kuujenga katika miaka ya 1860 na kuupa jina la amani, ulikuja kupewa na wakazi wake jina jingine, Bongo, yaani mahali ambapo mtu huishi kwa ubongo wake. Jina hilo lilipendwa mno hata likaenea nchi nzima. Lakini hao watu wa mjini tunaoonywa tujihadhari nao ni akina nani? Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu katika mji huo watu wasiozidi laki tatu. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu katika mkoa wake zaidi ya milioni tano na laki tatu. Umati huo haukuletwa na uzazi peke yake. Wengi wao walishuka garini wakiwa na mabegi yao, au walizaliwa na walioshuka. Yule anayemwita mwenzake mshamba, aghalabu babake bado ana shamba.

Na kila mmoja wao alipokewa na mtu. Hapa ndipo twaona kasoro kubwa ya masimulizi haya. Mwalimu wetu wa behewani ataeleza kwa undani jinsi alivyochomolewa fedha, mahali, saa, hata rangi ya shati la kibaka. Lakini ukimwuliza alilala wapi usiku wa kwanza, atajibu kwa mkato kuwa alilala kwa jamaa. Jamaa huyo alimtandikia mkeka katika chumba kilichokuwa tayari na watu watano, akamgawia ugali uliokuwa hauwatoshi wenyewe, akapanda naye basi asubuhi kwenda kumwonyesha njia. Yote hayo yamekuwa neno moja. Kwa nini mwizi akumbukwe na mwenyeji asahaulike? Twadhani ni kwa sababu kuibiwa humfanya mtu kuwa shujaa wa hadithi yake mwenyewe, hali kusaidiwa humrudisha kuwa mdogo. Shukrani ina uzito ambao si kila bega hupenda kuubeba.

Haikuwa lazima iwe hivyo. Ibn Battuta alipita pwani yetu mwaka 1331. Mombasa alilala usiku mmoja tu. Masimulizi yake yaliandikwa kwao Moroko zaidi ya miaka 20 baadaye, na bado alikumbuka kuwa watu wa Mombasa waliweka maji mlangoni pa misikiti yao, pamoja na jamvi la kufutia miguu, ili kila aingiaye aingie safi. Wa Kilwa aliwasifu kwa sultani wao, aliyemvua nguo zake mwenyewe ili ampe fakiri aliyeziomba njiani. Si kwamba msafiri huyo hakujua wezi. Katika safari zake aliporwa zaidi ya mara moja, na hayo pia aliyasema. Lakini wema wa wenyeji aliupa nafasi yake kitabuni, hata wa usiku mmoja.

Liko kosa jingine, nalo ni la kunyamaza. Anayerudi kijijini husimulia bahari, kivuko cha Kigamboni, taa za usiku. Hasimulii miezi aliyokaa bila kazi. Sheria ya Nguvukazi ya mwaka 1983 ilipotumika kuwakusanya wasio na kazi na kuwarudisha mashambani, wengi walirejea mjini baada ya muda mfupi. Sababu zilikuwa nyingi, na umaskini wa vijijini hatuwezi kuusahau. Lakini twaamini kuwa aibu nayo ilikuwamo: mtu aliyetuma habari za fahari atakaaje kwao mikono mitupu? Na mdogo wake, aliyezisikia habari zile, alikuwa tayari anatafuta nauli.

(Hatusemi kitu juu ya wale wanaotoa ushauri uliochakaa, wanaomwambia mgeni ashukie Ubungo ilhali kituo cha mabasi ya mikoani kilihamishiwa Mbezi mwaka 2021. Hao hawana ubaya. Wana usingizi tu.)

Yupo atakayetupinga, na hoja yake ina nguvu. Atatuuliza kuhusu binti wa miaka kumi na mitano anayepelekwa mjini kufanya kazi za nyumbani, anayepokewa kituoni na mama mwenye maneno matamu asiyemfahamu. Je, huyo naye tumfundishe kuwaamini watu? Hasha. Kwake yeye, kunyamaza kwa aliyetangulia ni dhambi. Lakini tuangalie vizuri ni onyo gani litakalomfaa. Akiambiwa asimwamini mtu yeyote, siku atakapoteswa na tajiri wake hatathubutu kumwendea jirani wala balozi wa nyumba kumi, kwa kuwa nao ni watu wa mjini. Fundisho lililokusudiwa kumlinda litakuwa limemfungia mlango. Kumbe angeambiwa ajihadhari na yeyote anayemharakisha, anayemkataza kuongea na nduguze, anayetaka kumwekea kitambulisho chake, angekuwa na kipimo cha kuwapimia watu, na angebaki na ruhusa ya kugonga hodi.

Basi mwalimu wa behewani na aendelee kusema habari za mapindo na bei za Kariakoo. Twamwomba aongeze machache: jina la aliyempokea na mtaa anaokaa, miezi mingapi alikaa bila kazi, na kama leo, mgeni huyu akipotea njia huko mjini, anaweza kufika mlangoni kwake yeye mwenyewe.