JE, DHULMA HUKAA KATIKA NGUO? Habari ya Wakusanyao Sare za Askari wa Magereza ya Romania

Yajulikana kwamba watu wametafautiana katika kupenda kukusanya vitu. Yuko akusanyaye stampu za posta, na yuko akusanyaye sarafu za kale, na yuko ambaye makabati yake yamejaa vitabu. Mambo haya hayana ubaya, wala hayahitaji mjadala. Lakini wako watu wakusanyao kitu ambacho mwenye akili hakosi kusimama mbele yake na kuuliza. Nacho ni sare za maafisa na askari wa magereza ya Romania, za zama za ukomunisti na za zama zilizofuata. Hununua koti na kofia na mshipi na alama za mabegani, wakazisafisha, kisha wakazitundika kabatini kwa utaratibu wa miaka yake. Basi suala ni hili: Je, yafaa mtu mwema kuihifadhi kwa uangalizi nguo iliyovaliwa na dhalimu wakati wa kudhulumu? Au nguo ni nguo tu, haina lawama wala sifa?

HABARI YA ZAMA ZILE

Haiwezekani kulijibu suala hili kabla ya kujua yaliyotendwa na waliozivaa. Romania ni nchi ya Ulaya ya mashariki, kando ya Bahari Nyeusi. Tarehe 30 Disemba 1947 mfalme wake alilazimishwa kujiuzulu, na chama cha kikomunisti kikashika amri yote mpaka Disemba 1989. Katika miaka ya mwanzo ya utawala huo magereza yalijazwa watu ambao kosa lao lilikuwa ni rai yao tu: mawaziri wa zamani, mapadri, wanafunzi, na wakulima waliokataa kunyang'anywa mashamba.

Katika gereza la Sighet, lililo kaskazini ya nchi, baina ya 1950 na 1955 walifungwa karibu watu 200 waliokuwa wakubwa wa nchi, na zaidi ya 50 wakafia humo. Mmoja wao ni Iuliu Maniu, aliyepata kuwa waziri mkuu. Alikufa tarehe 5 Februari 1953, naye ni mzee wa miaka 80, akazikwa pasipo alama, na kaburi lake halijulikani lilipo.

Na katika gereza la Râmnicu Sărat adhabu kubwa ilikuwa ni kimya. Kila mfungwa alikaa peke yake, haruhusiwi kusema na mwenziwe. Waliotoka humo wamesimulia kwamba askari walivaa viatu vya sufi iliyogandamizwa, ili nyayo zao zisisikike wanapokuja kuchungulia. Na kwamba wafungwa walizungumza kwa kukohoa, kila kikohozi kikihesabiwa kuwa herufi. Corneliu Coposu, aliyefungwa miaka 17 na kuachiliwa mwaka 1964, alikaa humo miaka mingi katika upweke, hata alipotoka kusema kwenyewe kulimwia vigumu.

Zama hizo zilikoma kwa mapinduzi ya 1989. Siku zile watu walikata kwa mkasi nembo iliyokuwa katikati ya bendera, yenye masuke ya ngano na milima na nyota nyekundu, wakaipeperusha bendera yenye tundu. Baadaye magereza yalitolewa mikononi mwa Wizara ya Mambo ya Ndani yakapewa Wizara ya Sheria. Mwaka 1992 nembo mpya ya dola ikawekwa, nayo ni tai. Na kwa sheria ya mwaka 2004 askari wa gereza wakaondolewa katika hali ya kijeshi wakawa watumishi wa serikali wenye daraja lao makhsusi. Mambo haya ndiyo ambayo mkusanyaji huyasoma katika nguo: nembo imwambie zama, na alama za mabegani zimwambie cheo.

HOJA YA WANAOKATAZA

Wanaokataza wana hoja mbili, na zote zina uzito.

Ya kwanza ni haki ya waliodhulumiwa. Wao wasema: mtu aliyepigwa na mwenye koti hilo, au mtoto ambaye baba yake hakurudi, aonapo koti lile limepigwa pasi na vifungo vyake vimesuguliwa vikang'aa, moyo wake huumia mara ya pili. Vifungo vya koti vyang'aa, lakini waliokaa katika kifungo hawatajwi. Na kulitia nakshi jambo lililomuumiza jirani si katika adabu.

Hoja ya pili ni nafsi ya mkusanyaji mwenyewe. Macho yakizoea kitu huacha kukistaajabu. Mwanzo mtu hutazama koti akakumbuka gereza. Mwaka wa pili hutazama ushoni. Mwaka wa tatu hutazama bei tu. Kisha siku moja hulivaa mbele ya kioo, akaona limemkaa vizuri. Wahenga walisema: kikulacho ki nguoni mwako.

HOJA YA WANAORUHUSU

Wanaoruhusu nao husema: nguo haina akili wala nia, haikuamrisha wala haikukataza, na lawama humfuata mwenye kutenda. Koti lile lile lilivaliwa na mtu mbaya na likavaliwa na mtu mwenye huruma. Na katika masimulizi ya wafungwa wenyewe wamo askari waliofumba macho ili mfungwa apate nafuu kidogo. Iwapo koti lina dhambi, basi na huyu wa pili alikuwa nayo. Na hilo si insafu.

Tena husema kwamba usafi wa koti si dalili ya usafi wa mtu. Katika gereza la Pitești, baina ya 1949 na 1951, wafungwa walilazimishwa kutesana wao kwa wao, usiku na mchana, mpaka kila mmoja amkane aliyempenda na alichokiamini. Wakuu wa gereza waliacha mikono ya wafungwa ifanye kazi hiyo. Ilipofika hukumu mwaka 1954, waliouawa walikuwa wafungwa. Ama maafisa, adhabu zao zilikuja baadaye nazo zilikuwa nyepesi. Basi mwenye kutafuta dhulma kwa kutazama mavazi, Pitești ingemdanganya: angemwona mwenye matambara ndiye mtesi, na mwenye sare hana alilotenda.

HUKUMU YA INSAFU

Ukweli ni kwamba makundi haya mawili yamesema kweli, lakini kila moja limesema nusu yake. Dhulma haikai katika nguo. Lakini dhalimu hupenda sana kujificha ndani ya nguo. Na ushahidi wa hayo ni kesi ya Alexandru Vișinescu, aliyekuwa mkuu wa gereza la Râmnicu Sărat tangu 1956 mpaka 1963. Baada ya hapo aliishi miaka mingi mjini Bucharest kwa pensheni ya afisa. Alipofikishwa mbele ya mahakama, udhuru wake ulikuwa kwamba yeye alifuata amri na kanuni za kazi. Maana ya udhuru huo ni kusema: aliyetenda si mimi, ni koti. Mahakama haikuukubali. Mwaka 2015 alihukumiwa kifungo cha miaka 20 kwa makosa dhidi ya ubinadamu, na hukumu ikathibitishwa mwaka 2016. Mwenziwe, Ion Ficior, aliyekuwa mkuu wa kambi ya Periprava walikokufa wafungwa zaidi ya 100, naye alipata miaka 20. Wote wawili walikufa mwaka 2018 wakiwa wafungwa. Wakubwa wa koti la zamani walikufa chini ya ulinzi wa askari wenye koti jipya.

Hapa ndipo faida ya kukusanya ionekanapo. Koti halina dhambi, lakini ni shahidi. Lina kipimo cha mwili wa mtu, na mikunjo ya viwiko vyake, na mfuko alimotia mkono wake. Lamwambia atazamaye kwamba amri haikujitenda yenyewe. Ndani yake alikuwamo mtu, ana mabega na shingo, na aliweza kukataa au kupunguza. Na mwenye kuweka shahidi nyumbani mwake amebeba amana. Akimwachia aseme, ametenda haki. Akimziba mdomo akamfanya pambo, ameshiriki katika kuficha.

Kwa hivyo kukusanya kwafaa kwa masharti matatu.

La kwanza: ajue mkusanyaji, na aandike. Koti lisitundikwe kwa jina la cheo na mwaka peke yake. Liandikwe pamoja nalo gereza lilikotoka, kama lajulikana, na yaliyotendwa humo, na majina ya waliokufa humo ambao majina yao yamehifadhiwa. Asiyeweza hili amekusanya vitambaa tu.

La pili: asisahau nguo ya mfungwa. Sare za maafisa zimebaki nyingi kwa sababu zilishonwa kwa kitambaa imara na kuwekwa vizuri. Nguo za wafungwa, zile za mistari, zilivaliwa mpaka zikawa matambara, na nyingine zilizikwa na wenyewe. Kofia ya afisa yaweza kupatikana kwa bei sokoni, na kaburi la waziri mkuu aliyefia gerezani halipatikani kwa bei yoyote. Mwenye kabati lililojaa upande mmoja na ajue kwamba upande wa pili haukukosa watu. Ulikosa wa kuwahifadhia.

La tatu: asidhani kwamba koti jipya limefuta mambo yote. Mwenye kutundika sare za zama mbili pamoja huona jinsi zilivyokaribiana: nyota imeondoka, tai amekuja, na kola ni kola. Hapana shaka mabadiliko yalikuwa makubwa, na gereza la leo si Sighet. Hata hivyo, Aprili 2017 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kwamba msongamano na ubovu wa hali katika magereza ya Romania ulikuwa ni kasoro ya mpango mzima, si ya gereza moja. Kubadili nembo ni kazi ya fundi cherehani wa siku chache. Kubadili namna mtu anavyomtazama aliye chini ya mkono wake ni kazi ya umri.

KHATIMA

Aliyeyasoma haya asiseme kwamba ni habari ya watu wa mbali na nguo zao. Kila mwenye kupewa kazi juu ya mwenziwe amevikwa koti, likionekana au lisionekane: mnyapara juu ya wachukuzi, karani mbele ya mwenye shida, mwalimu juu ya watoto, nahodha juu ya mabaharia wake. Kila mmoja hujiwa na siku ambayo ulimi wake wataka kusema, “Si mimi, ni kazi yangu.” Siku hiyo na akumbuke yule mzee wa Râmnicu Sărat, aliyelivua koti lake miaka mingi, na lililotendwa ndani yake likambakia mwilini mpaka umri wa karibu miaka 90, liliposimamishwa naye mbele ya kadhi.